Kabla hujashika maiki: namna ya kuandaa shukrani kwa ajili ya rehema ya Mungu

Katika usharika wetu mimi ndiye ninayeshika daftari la shukrani. Ni kaunta buku la kawaida, jalada gumu, kona zake zimeguguniwa na panya wa ofisi. Anayetaka kushukuru Jumapili hunifuata katikati ya wiki, naandika jina, tarehe na sababu. Ukipekua kurasa zake utaona sababu zinajirudia: kupona, kujifungua salama, mtoto kufaulu, kunusurika ajali, kuhamia nyumba mpya, kuuona mwaka mpya. Nimeandika sababu za watu kwa miaka mingi, na nimegundua kwamba karibu kila anayesimama mbele hulitaja neno "rehema", ila wengi wetu tukishaanza kusema tunaiacha rehema palepale mlangoni. Tunasimulia mafanikio yetu, kisha mwishoni tunamtaja Mungu kama karani anayegonga muhuri.

Najua kwa sababu nilifanya hivyohivyo. Nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kuajiriwa nilisimama mbele ya usharika nikazungumza karibu robo saa. Nikaeleza usaili ulivyokuwa mgumu, tulivyokuwa wengi, tukachujwa tukabaki watatu, halafu nikabaki mimi. Nikamaliza kwa sauti ya juu: "Mungu hamtupi mja wake!" Vigelegele. Benchi la tatu kutoka mbele alikuwa ameketi jirani yangu, ambaye tulifanya naye usaili uleule. Alikuwa mmoja wa wale watatu. Ibada ilipoisha alinipa mkono akasema, "Hongera, ndugu yangu. Mimi sijui ni mja wa nani."

Haya ninayoyaandika ni kwa ajili yako unayejiandaa kusimama. Nafuata utaratibu wa usharika wa Kilutheri kwa sababu ndio ninaoujua; Mkatoliki, Mwanglikana, Mmoraviani au Mpentekoste atabadilisha hapa na pale.

Hatua ya 1: Jiulize unashukuru nini hasa

Chukua karatasi, andika sentensi moja inayoanza hivi: "Nilistahili …, lakini Mungu …" Jaza nafasi hizo kwa ukweli. Usiandike kwa lugha ya kanisani, andika kama unavyomwambia dada yako jikoni.

Ikikushinda kujaza, usiogope. Pengine unachoshukuru ni baraka: mvua imenyesha, mahindi yamekubali, mtoto amefaulu. Hayo nayo ni ya kushukuru na Biblia imejaa watu walioyashukuru. Ila usiyaite rehema. Rehema anapewa mtu aliyekosa, au mtu aliyekwama mahali ambapo hana haki ya kudai chochote. Wale watu kumi wenye ukoma katika Luka 17 walisimama mbali, kwa kuwa sheria haikuwaruhusu kusogea, wakapaza sauti: "Ee Yesu, Bwana mkubwa, uturehemu!" Hawakuwa na cha kuweka mezani.

Sasa fungua sura inayofuata, Luka 18, usome mfano wa watu wawili waliopanda hekaluni kusali. Huwa tunausoma kama mfano wa kiburi na unyenyekevu, tunapitiwa na kitu kimoja: sala ya Farisayo ni sala ya shukrani. "Ee Mungu, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine." Yeye ndiye aliyesema "nakushukuru". Mtoza ushuru hakushukuru hata neno moja; alijipigapiga kifua akasema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Na huyo ndiye aliyeshuka nyumbani kwake amehesabiwa haki. Kila nikisoma pale naikumbuka ile robo saa yangu.

Kijana mmoja wa bodaboda alinijia Alhamisi moja jioni, mkono wake umefungwa bendeji. Nikaandika: "kunusurika ajali". Nikamwuliza kama ninavyowauliza wote, "Ungependa kusema nini siku hiyo?" Akakaa kimya muda mrefu, anazungusha kofia yake ya pikipiki kwenye magoti. Halafu akasema, "Mzee, nilikuwa nimekunywa. Na nilikuwa na abiria."

Sentensi yake ilikuwa imejaa tayari. Nilistahili kufungwa, pengine kuzikwa, lakini Mungu ameniacha hai. Hiyo ndiyo rehema. Ila abiria wake alikuwa amelala nyumbani, mguu umevunjika, na yeye hajaenda kumwona. Tutarudi kwake kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 2: Andika, halafu kata

Wengi husema, "Mzee, mimi nitaongozwa na Roho." Sawa, lakini Roho anaweza kukuongoza hata Ijumaa usiku ukiwa na kalamu. Aliyeandika husema kwa dakika tatu. Asiyeandika hutumia kumi na tano, na katika hizo, nne ni za kutafuta alipoishia.

Mpangilio mzuri kuliko wowote ninaoujua umo katika Zaburi ya 107. Zaburi hiyo ina makundi manne ya watu: waliopotea jangwani, waliofungwa gizani, waliougua hadi wakachukia chakula, na mabaharia waliopigwa na dhoruba. Kila kundi linasimuliwa kwa mtindo uleule. Kwanza hali yao ilivyokuwa. Kisha wanamlilia Bwana katika dhiki zao. Kisha anawaokoa. Kisha unakuja mwito: "Na wamshukuru Bwana, kwa fadhili zake, na maajabu yake kwa wanadamu." Hesabu mistari: hakuna kundi linalochukua zaidi ya mistari kumi. Na usipite haraka kwenye kundi la pili na la tatu, maana Zaburi haifichi: hao walikuwa wameyaasi maneno ya Mungu, hao wengine ni wapumbavu walioteswa kwa ukosaji wao. Kosa linatajwa kabla ya wokovu.

Namna ya kulitaja kosa, jifunze kwa Paulo. Anapomwandikia Timotheo (1 Timotheo 1:13) anasema kwamba hapo kwanza alikuwa "mtukanaji, mwenye kuudhi watu, mwenye jeuri, lakini nalipata rehema." Mambo matatu, kisha rehema. Hasimulii jinsi Stefano, yule Mkristo aliyepigwa mawe, alivyoanguka, hataji majina ya waliofungwa, haelezi alivyoshika nguo za waliopiga mawe. Alikuwa na simulizi ambayo ingewaketisha watu hadi jua litue, naye akaipitisha katika mstari mmoja. Dhambi ikisimuliwa kwa madoido watu huondoka wakiikumbuka dhambi.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika, rudi ukate. Kata kiasi cha fedha ulichopata, bei ya kiwanja na aina ya gari. Kata cheo kipya, isipokuwa kama simulizi haieleweki bila hicho. Kata maelezo ya upasuaji. Kuna watoto na kuna wanaosubiri upasuaji wiki hiyohiyo.

Na kata maadui. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Shukrani nyingi siku hizi zina maadui kuliko zilivyo na Mungu: "walisema sitazaa", "waliniwekea vikwazo", "leo wameaibika". Na kila mtu kanisani anajua wanaosemwa ni akina nani, maana wifi yako ameketi upande wa akina mama. Kama ulichopokea ni rehema, basi katika simulizi hiyo mkosaji ni wewe, na adui hana nafasi ya kukaa.

Mtindo huu wa kusimama mbele ya ndugu na kueleza Mungu alivyokutendea haukuanza jana, na kwetu Afrika Mashariki una historia yake. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wote wawili wamechoka kiroho, wakakaa kusoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na huku Tanganyika kupitia Bukoba. Waganda wakawaita watu hao balokole, yaani waliookoka, na wimbo wao wa Kiganda "Tukutendereza Yesu", yaani tunakusifu Yesu, bado unaimbwa kwenye mikutano na misiba. Ushuhuda wao ulikuwa wa wazi: niliiba hiki, nilimchukia fulani, damu ya Yesu imenisafisha. Na aliyeiba alibeba kitu mkononi kukirudisha. Sisi tumeurithi ule ushuhuda. Kile cha kurudisha tumekisahau njiani.

Kama bado unalia

Kuna wasomaji wameshafika hapa wanasema moyoni: mimi sijapona, mtoto hajarudi, sina cha kusimulia. Msilazimishe. Lakini someni Maombolezo 3:22–23: "Ni huruma za Bwana kwamba hatuangamii, kwa kuwa rehema zake hazikomi. Ni mpya kila siku asubuhi. Uaminifu wako ni mkuu." Tunayaandika maneno hayo kwenye kadi za harusi na vioo vya daladala, tunasahau yaliandikwa Yerusalemu ikiwa imeteketezwa na Wababeli, watoto wanaomba mkate na hakuna wa kuwamegea. Kitabu chenyewe kinaitwa Maombolezo. Katika daftari langu nina sababu moja iliyoandikwa hivi, kwa maneno ya mwenyewe: "Bado tupo." Aliyeileta alikuwa amezika mume miezi miwili nyuma. Siku yake ilipofika alipita mbele na wanawe wawili, hakusema kitu, mchungaji akawaombea wakarudi kukaa.

Hatua ya 3: Nenda kwa watu waliomo ndani ya simulizi yako

Kabla ya ofisi ya kanisa. Kabla ya kushona sare.

Kwanza, waliokosewa. Nilimwambia yule kijana wa bodaboda, "Jina lako nimeliandika, ila tarehe nimeiacha wazi. Ukitoka kwa abiria wako njoo tuijaze." Hakufurahi. Alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amekwenda na mjomba wake, wamekaa na familia ile, wamekubaliana achangie nauli za kliniki hadi mguu upone. Zakayo naye, Yesu alipoingia nyumbani kwake, hakuanza na wimbo. Alisimama akasema, "Nusu ya mali yangu, ee Bwana, nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Angalia mpangilio: rehema ilimfikia kwanza, bila masharti, akiwa bado juu ya mti. Kurudisha kulifuata. Hununui msamaha kwa nauli za kliniki. Lakini ukisimama kushukuru kwa msamaha huku uliyemvunja mguu hajakuona uso, watu wana haki ya kunong'ona.

Pili, wenye siri. Kama mumeo ndiye aliyekuwa mlevi na ameacha, simulizi hiyo ni yake kabla haijawa yako. Kama mtoto alikuwa amepata mimba shuleni, mwulize. Kuhusu magonjwa, hasa VVU na magonjwa ya akili, usiseme ya mtu mwingine hata kama unamsifu Mungu kwa nia njema. Maneno yakishatoka kwenye spika hayarudi.

Tatu, watu wa kwenu. Yule mtu wa Wagerasi aliyetolewa pepo alitaka kupanda chombo afuatane na Yesu. Yesu akamkatalia: "Enenda zako nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu, ukawahubiri ni mambo makuu gani aliyokutendea Bwana, na jinsi alivyokurehemu" (Marko 5:19). Nyumbani ndiko kugumu. Kanisani watasema "Amina" kwa vyovyote vile. Mkeo atakutazama tu. Kwa hiyo sema kwanza nyumbani, mezani, bila kuinua sauti. Ukiona aibu kuyasema pale, karatasi yako bado ina uongo mahali fulani.

Hatua ya 4: Ofisini

Hapa ni pafupi. Muone mzee wa kanisa wa mtaa wako au mwinjilisti angalau wiki moja kabla, usije Jumapili asubuhi mchungaji ameshavaa joho. Epuka Jumapili ya kipaimara, ya mavuno na ya uchaguzi wa wazee. Ibada zinakuwa ndefu na shukrani yako itakatwa. Kama unakuja na kwaya au na ndugu kutoka mbali, sema mapema ili waketi karibu.

Mkatoliki atakwenda ofisi ya parokia kuandikisha nia ya misa, au ataanzia kwa mwenyekiti wa jumuiya yake ndogondogo. Wenzetu hao wana faida moja tunayoisahau: neno Ekaristi lenyewe ni la Kigiriki na maana yake ni shukrani, kwa hiyo misa nzima ni shukrani hata kama jina lako halikusomwa. Na wanayo siku maalumu ya jambo hili, Jumapili inayofuata Pasaka, ambayo Papa Yohane Paulo II aliitangaza mwaka 2000 kuwa ya Huruma ya Mungu kwa Kanisa lote.

Hatua ya 5: Sadaka

Swali ninaloulizwa kuliko yote: "Mzee, watu hutoa kiasi gani?" Huwa sijibu. Nawapeleka kwenye Zaburi ya 50, ambapo Mungu anasema kwamba kama angekuwa na njaa asingetuambia, maana ulimwengu ni wake na vyote viujazavyo. Halafu, mistari miwili mbele, anaagiza: mtolee Mungu dhabihu za kushukuru. Hahitaji, na bado anaitaka. Ukikaa na mambo hayo mawili kwa pamoja, bahasha yako utajua uiweke nini.

Usikope. Nimeona mtu akichukua mkopo wa kausha damu ili shukrani yake ifanane na ya shemeji yake. Miezi mitatu baadaye alikuwa anakwepa njia ya sokoni.

Huku kwetu wengi bado hutoa mazao, na baada ya ibada kunakuwa na mnada nje: ndizi, kuku, muwa, gunia la maharage. Kuna mama mmoja, mtu mzima, alikuja na mayai saba ndani ya kikapu, ameyalaza juu ya majani makavu ya mgomba. Moja lilikuwa na ufa, akaliweka juu ya mengine lisije likagandamizwa. Alisimama mbele bila karatasi. Akasema: "Bwana Yesu asifiwe. Mwanangu aliondoka miaka tisa iliyopita baada ya kuuza shamba la baba yake bila kutuambia. Niliapa akija sitamfungulia. Alikuja Jumanne usiku. Nimemfungulia. Sikujua kama ninaweza. Namshukuru Mungu." Akaketi. Haikufika dakika moja.

Nataka uone alichokishukuru. Hakusema "Mungu amemrudisha mwanangu", ingawa na hilo ni kweli. Alishukuru kwamba mkono wake mwenyewe uliondoa komeo. Alijua moyo wake ulikuwa umefika wapi. Nje, kwenye mnada, mnadi alipaza sauti, "Mayai saba, moja lina ufa, elfu tatu, nani anaongeza?" Yalipanda hadi elfu ishirini na mbili, na aliyeyanunua akamrudishia mama yule lile la ufa, akakaange jioni.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kunywa chai. Wanaosimama na njaa huzimia, na nimeshuhudia. Fika mapema ukae karibu na njia. Ukiitwa, tembea kawaida. Kucheza kwa maringo hatua kwa hatua kutoka mlangoni hadi madhabahuni kunakula muda na kunaanza kukushukuru wewe.

Maiki ishike kidole kimoja kutoka mdomoni, usiipulize. Salimu mara moja tu: "Bwana Yesu asifiwe" (au "Tumsifu Yesu Kristo", kama ni kwa Wakatoliki). Salamu tatu mfululizo kwa sababu "sijawasikia" ni desturi ya mikutano ya hadhara. Soma karatasi yako kama inakusaidia. Ukilia, nyamaza hadi upumue, hakuna anayekukimbiza. Ukimaliza, maliza. Maneno "na mwisho kabisa" yasisikike zaidi ya mara moja.

Kama kusema mbele za watu ni mzigo kwako, mwombe mchungaji usome Zaburi ya 136 badala ya ushuhuda. Wewe unasoma nusu ya mstari, usharika unajibu, "kwa maana fadhili zake ni za milele", mara 26. Mstari wa 23 usome polepole: "Aliyetukumbuka katika unyonge wetu."

Hatua ya 7: Chakula

Katika Walawi sura ya 7 kuna agizo ambalo nilipolisoma mara ya kwanza sikulielewa. Sadaka nyingine za amani, nyama yake iliruhusiwa kuliwa hadi siku ya pili. Ya shukrani iliamriwa iliwe siku hiyohiyo, isibakizwe hata kidogo hadi asubuhi. Hebu fikiri: mtu na familia yake wana mnyama mzima na mikate, na jua linazama. Atafanya nini? Ataita majirani. Sidhani kama kuna njia nyingine.

Basi pika cha kuisha. Usipike cha kuonyesha, wala usitenge meza ya wageni wa heshima huku majirani wa nyumba ya nyuma wanapewa sahani kupitia dirishani. Makande na chai vinatosha. Ita yule ambaye angetaka kuwa na sababu kama yako na hana: aliyeharibikiwa mimba wakati wewe umejifungua, aliyefeli, ambaye mgonjwa wake hakurudi kutoka hospitali. Usimwite ili asikilize ushuhuda wako mara ya pili. Mpe kiti kizuri, mpe chakula, muulize habari za kwake.

Hatua ya 8: Deni la upande wa pili

Hatua hii haina siku. Inaanza Jumatatu.

Katika Mathayo 18 kuna mtumwa anayedaiwa na mfalme talanta 10,000, na mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, anayedaiwa naye dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta moja ni kama dinari 6,000. Tuzilete kwenye shilingi. Tuseme kibarua wetu wa shamba analipwa 10,000 kwa siku. Deni la mjoli linakuwa shilingi milioni moja. Si dogo, lakini mtu akibana matumizi atalipa. Deni la kwanza linakuwa shilingi bilioni 600. Mtumwa huyo alipiga magoti akasema, "nivumilie, nami nitakulipa yote." Angelipa lini? Mfalme hakumpa muda, alimfutia. Mtumwa akatoka nje, akamkuta mwenye deni la milioni moja, akamkaba koo: "Nilipe uwiwacho."

Yesu hasemi kwamba milioni moja si kitu. Ni miezi zaidi ya mitatu ya jasho. Anachouliza mfalme ni: "haikukupasa kumrehemu mjoli wako, kama mimi nilivyokurehemu wewe?"

Kwa hiyo chukua ileile karatasi ya hatua ya kwanza, igeuze, andika upande wa pili jina moja. Moja tu. Pengine ni mtu unayemdai radhi, pengine ni mtu wa daftari la mkopo dukani kwako ambaye unajua hatalipa. Kama ni deni la fedha, amua kama unafuta lote au nusu, umwambie kwa mdomo wako, msiwe na mtu mwingine. Kama ni kosa la moyo, omba hadi uweze kumtaja bila kukunja uso. Tahadhari moja: kusamehe si kurudi kulala nyumba moja na anayekupiga, wala si kuficha uhalifu uliopaswa kufika polisi. Wachungaji wengine wamewaumiza wanawake kwa kuchanganya mambo haya.

Na inawezekana, ukigeuza karatasi, ukakuta mwenye deni ni wewe. Mimi ilinichukua miaka minne. Nilikwenda kwa yule jirani wa benchi la tatu Jumamosi moja mchana, nikamkuta nyuma ya nyumba anatengeneza banda la kuku. Nikamwambia, "Nimekuja kwa ajili ya yale niliyosema kanisani mwaka ule. Sikukufikiria. Nisamehe." Alikuwa na misumari miwili mdomoni, kwa hiyo hakujibu. Akapigilia mmoja, akapigilia wa pili, akanitazama. Halafu akaninyooshea upande wa pili wa ubao akasema, "Shika hapo, usilegeze."